Hedifoni ya Milioni Imekufa na Waranti Imeisha: Mafundi Wasio na Majina wa Kasulu na Kibondo Waliyajua Haya Tangu Enzi za Redio

Picha ya aina hii ipo kila mahali mtandaoni. Staa yuko studio, macho kafumba, hedifoni kubwa imekaa kichwani kama taji. Mashabiki wanauliza ni brandi gani, wengine wanauliza bei, na wachache wenye mkwanja wanaagiza ya kwao Kariakoo au Dubai. Miezi 14 inapita. Asubuhi moja upande wa kushoto umenyamaza, au chaji inakata baada ya nusu saa. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwenye duka anatikisa kichwa, "Hapo ndugu yangu, labda ununue nyingine."

Na hiyo nyingine si ya buku mbili. AirPods Max zilipotoka Desemba 2020 zilitangazwa kwa dola 549, pesa ambayo kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja. Sony WH-1000XM5 za mwaka 2022 zilianzia dola 399. Mtu hawezi kutupa kitu cha bei hiyo kama anatupa ganda la muhogo. Swali linakuja lilelile: nani anaweza kuifungua, na ikifunguliwa itapona?

Kwa vijana wa Dar, Arusha au Mwanza hili linaonekana ni tatizo la kizazi cha Bluetooth. Kwa watu wa Kitanga, kule nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, ni hadithi ya zamani sana. Kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na Kasulu na Kibondo zenyewe ziko mbali na hiyo reli, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Karatasi ya waranti inayosema "peleka kituo cha huduma kilichoidhinishwa" huko ilikuwa ya kufungia karanga tu. Waranti ya kweli ilikuwa mtu, fundi redio mwenye kibanda sokoni. Jina lake halikuandikwa popote, ila kijiji kizima kilijua anapokaa.

Hii ni historia ya watu hao, na ni ya kujua kabla hujalia juu ya hedifoni yako.

Ilianzia jikoni

Hedifoni yenyewe haikuzaliwa kwenye maabara ya mabilioni. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alitengeneza hedifoni jikoni kwake na kupeleka mfano kwa Jeshi la Majini la Marekani. Jeshi lilizipenda likataka 100. Baldwin akajibu kwamba anaweza kuchukua oda ya 10 tu kwa wakati mmoja, kwa sababu jikoni ndiyo ilikuwa kiwanda. Mwaka 1937 kampuni ya Beyer ya Berlin ikatoa DT 48, hedifoni iliyotumia spika ndogo za mfumo ambao bado ndio unaotumika kwenye hedifoni nyingi za leo.

Na ndani kuna nini? Kuna koili ya waya mwembamba, sumaku, na kiwambo chepesi kama ngozi ya ngoma. Umeme wa sauti unapita kwenye koili, koili inavutana na kusukumana na sumaku, kiwambo kinatikisika, sikio linasikia. Ukifungua spika ya redio ya babu unakuta vitu vitatu hivyohivyo, vikubwa zaidi. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kwenye redio ya mbao anapofungua hedifoni ya milioni anakutana na jamaa yake wa zamani aliyevaa suti.

Redio ilipopanda milima

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza mwaka 1951 kwa kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Kufika 1965 kilikuwa kimepita mabadiliko kadhaa na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini redio za mwanzo zilitumia valvu, zile taa za kioo zinazokula umeme mwingi, na sehemu kubwa ya Buha haikuwa na umeme kabisa. Kilichobadilisha mchezo ni transista. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954, Wajapani wakaishika teknolojia hiyo wakaishusha bei, na ghafla redio ikawa kitu cha kubebwa mkononi na kuendeshwa kwa betri kavu.

Mwaka 1966 Matsushita, wale wenye jina la National na baadaye Panasonic, walianzisha kampuni yao Dar es Salaam ya kutengeneza betri na redio. Philips nao walikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio Arusha. Redio ikaanza kupanda milima ya Kasulu na Kibondo, ikinunuliwa baada ya kuuza kahawa au maharage, ikishonewa koti la kitambaa kama mtoto wa kwanza.

Usisahau kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kwa miaka zaidi ya 40 redio ndiyo ilikuwa habari, mpira, muziki, tangazo la msiba na saa ya ukutani. Nyumba yenye redio ilikuwa na wageni kila jioni. Ikiharibika, hasara haikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri fundi aseme neno.

Miaka ya kukosa kila kitu

Halafu zikaja nyakati ambazo wazazi wenu wakisimulia mnadhani wanatia chumvi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu za maduka zikabaki na vumbi. Sabuni na sukari ni foleni. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Katika hali hiyo, nani angeagiza vipuri vya redio?

Hapo ndipo fundi asiye na jina alipogeuka kuwa daktari. Hakuwa na umeme wa kupashia chuma cha kulehemu, kwa hiyo alikiweka kwenye jiko la mkaa mpaka kiive, akakifuta kwa kitambaa, akagusa risasi mara mbili tatu kabla hakijapoa, kisha akakirudisha motoni. Transista alizisoma kwa namba zilizoandikwa mgongoni, kama AC128, na aliyekuwa na redio mfu hakuitupa. Ilikaa chini ya meza ya fundi ikinyofolewa kidogo kidogo: leo spika, kesho swichi, keshokutwa koili ya antena. Redio moja iliyokufa iliweza kufufua nyingine nne.

Na betri je? Zilianikwa juani, juu ya bati au juu ya jiwe, pamoja na mihogo. Kizazi cha sasa kinacheka, lakini kuna sayansi hapo. Ndani ya betri kavu umeme unatokana na mchakato wa kikemikali, na joto linauharakisha. Betri iliyochoka ikipata joto inatoa kidogo kilichobaki, ikatosha kusikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Haikuwa inajaa chaji, ilikuwa inakamuliwa.

Somo la enzi hizo lilikuwa jepesi: kitu kilitengenezeka kwa sababu kilifunguka. Skrubu nne nyuma, kifuniko kinatoka, kila kipuri kinaonekana kwa macho. Redio nyingine zilikuwa na mchoro wa saketi umebandikwa kabisa ndani ya kifuniko. Kiwanda kilijua kwamba siku moja mtu mwingine ataingiza mkono humo.

Redio ikifa, nyumbani kunanyamaza

Kasulu na Kibondo zina kitu ambacho wilaya nyingi za Tanzania hazina. Ni mlango wa wakimbizi. Warundi walikimbilia upande huu mwaka 1972, wakaja tena baada ya 1993, na tena 2015. Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kupokea Wakongo waliotoroka vita vya Kivu Kusini. Nduta, upande wa Kibondo, imefunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena.

Mwaka 1995 kituo cha Radio Kwizera kilianzishwa Ngara, jirani ya Kibondo upande wa kaskazini, na shirika la Kijesuiti linalohudumia wakimbizi. Kazi yake ilikuwa kuwasemesha watu waliopoteza kila kitu: habari za kwao, afya, usalama, ndugu waliopotezana. Kwa mkimbizi, redio ndogo ya betri haikuwa starehe. Ikifa, hujui kama kwenu kumepoa au bado kunawaka, hujui kama wanaosema rudini wanasema kweli.

Ndiyo maana ndani na pembeni ya kambi kazi ya fundi redio, na baadaye fundi simu, ilikuwa kazi ya heshima. Wengine walikuja na ujuzi huo kutoka ng'ambo ya ziwa. Salamu inaanza kwa Kiha, "Mwakeye, fundi," jibu linarudi kwa Kiswahili cha Kongo, na katikati yao kuna redio iliyolazwa chali. Hakuna aliyeuliza risiti ya dukani.

Walkman, eafoni na ule waya wenye nyuzi

Mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman, na muziki ukahama kutoka sebuleni kwenda sikioni. Baada ya hapo zikaja kaseti za kurekodi, CD, simu zenye muziki, na mwishowe eafoni za bei ya soda zikaning'inia kwenye kila kibanda kuanzia Kariakoo hadi soko la Kasulu.

Ugonjwa wao ulikuwa mmoja: waya unakatika pale unapoingia kwenye pini. Fundi wa zamani alidhani ni kazi ya dakika mbili, akakutana na kitu kipya. Waya wa eafoni ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja na nyuzi za kitambaa, na kila uzi wa shaba umepakwa vanishi yenye rangi. Ukiulehemu hivyohivyo risasi haishiki. Lazima uunguze ile vanishi kwanza, kwa kiberiti cha gesi au kwa joto la chuma chenyewe, ndipo shaba inang'aa na kukubali. Mara nyingi uzi mwekundu ni wa sikio la kulia, wa kijani au bluu ni wa kushoto, na ule wa rangi ya shaba ni wa kurudishia umeme. Ujuzi huu haukutoka chuoni. Ulitoka kwa kuharibu eafoni kumi za watu na kuiokoa ya kumi na moja.

Gundi, betri na programu

Kisha ukaja mwaka 2016. Septemba mwaka huo Apple walitangaza simu ya iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, pamoja na AirPods zisizo na waya wowote. Miaka miwili kabla walikuwa wameinunua Beats kwa dola bilioni 3, ishara kwamba hedifoni imekuwa vazi, kama raba na saa. Kampuni nyingine zikafuata.

Kuondoa waya kulimaanisha kuingiza betri ndani. Betri za lithiamu, ambazo Sony ndio walikuwa wa kwanza kuzipeleka sokoni mwaka 1991, ni ndogo na zina nguvu, lakini zina umri. Baada ya kuchajiwa mamia ya mara uwezo wake unashuka, iwe umeitunza au hujaitunza. Maana yake ni kwamba hedifoni isiyo na waya inazaliwa ikiwa na tarehe ya kuchoka, na mara nyingi tarehe hiyo iko ng'ambo kidogo ya mwisho wa waranti.

Hilo peke yake lisingekuwa tatizo. Betri ya redio nayo ilikufa kila wiki. Tofauti ni kwamba redio ilikuwa na mlango wa betri. iFixit, watu wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, walipozipasua AirPods za kwanza walizipa 0 kwa 10. Betri imefungiwa kwa gundi ndani ya plastiki, na huwezi kuifikia bila kukibomoa kifaa. Kuna pia tabaka la tatu ambalo jiko la mkaa haliliwezi, programu. Hedifoni ya siku hizi ni kompyuta ndogo yenye maikrofoni za kuzuia kelele, na kwenye baadhi ya vifaa kipuri kikibadilishwa bila kutambulishwa na mfumo wa kampuni, kinagoma.

Kwa hiyo fundi hajapungukiwa akili. Mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliunganishwa kwenye gridi ya taifa baada ya miaka ya kutegemea jenereta za dizeli, na kibanda kilichotumia mkaa leo kina chuma cha kulehemu cha umeme, mita ya kupima na mashine ya hewa ya moto. Vifaa vyake vya kazi vimepanda daraja. Kilichofungwa ni kile anacholetewa.

Wakubwa wa studio wananunua zinazofunguka

Hapa kuna siri ambayo zile picha za mastaa hazisemi. Hedifoni nyingi zinazofanya kazi ya kweli studio si zile za bei ya juu kabisa za mtaani. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na imeendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 30. Sennheiser HD 25 ilitoka 1988, ikawa kipenzi cha madiji, na inavunjika vipande kama toi ya kuunganisha: waya unachomoka, spika inachomoka, sponji zinachomoka, na kila kimoja kinauzwa peke yake. DT 770 ya Beyerdynamic, ya miaka ya 1980, bado ina vipuri.

Kwa nini? Kwa sababu prodyuza hawezi kusimamisha kazi kila waya unapokatika. Alifanya hesabu ileile aliyoifanya mkulima wa Kibondo mwaka 1980: kitu cha kazi lazima kiweze kufunguliwa. Mkoa wa Kigoma umeupa Bongo Fleva mastaa wa kutosha, na nyimbo zao zimechanganywa kwa hedifoni ambazo kuna mtu, mahali fulani, alizilehemu. Staa anapigwa picha. Fundi hatajwi hata kwenye shukrani.

Kipi kinapona na kipi hakiponi

Sasa turudi kwenye hedifoni yako iliyolala kwenye droo. Kabla hujaizika, jua ugonjwa wake.

Sponji za masikio kubanduka. Ile ngozi ya bandia inaharibiwa na jasho na joto, na kwenye hali ya hewa yetu haichelewi. Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Tafuta sponji kwa namba ya modeli, zinachomekwa au kubandikwa.

Waya, pini au tundu la chaji. Hii ni kazi ya kulehemu ya kawaida. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaiweza, alimradi tundu lipatikane la aina ileile.

Betri kuchoka. Kwenye hedifoni kubwa za kufunika masikio inawezekana mara nyingi. Betri za pakiti bapa huwa na namba inayoeleza vipimo: 403040, kwa mfano, maana yake unene ni milimita 4.0, upana 30, urefu 40. Fundi anatafuta yenye volti sawa na vipimo vinavyoingia, na yenye saketi yake ya ulinzi. Ikiwa betri imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Hiyo inaweza kuwaka. Vieafoni vidogo visivyo na waya ni habari nyingine. Kuna mafundi wanaothubutu, lakini wengi watakwambia ukweli: plastiki itabaki na makovu, na huenda isifunge tena vizuri.

Bawaba au mkanda wa kichwani kuvunjika. Gundi peke yake haidumu. Mafundi wazuri wanapitisha pini ya chuma ndani kisha ndipo wanabandika. Haitapendeza kama mpya, itafanya kazi.

Spika ya upande mmoja kufa. Mita inasema ukweli ndani ya dakika moja. Koili ikiwa imekatika, inatafutwa spika ya aina ileile kutoka kwenye hedifoni nyingine mfu. Ukiweka isiyofanana, kushoto na kulia havitalingana kamwe.

Bodi kuungua au programu kugoma. Hapo ndipo fundi muungwana anakurudishia kifaa chako bila kukudai. Ukimpata wa namna hiyo, mshike.

Maana lazima ukweli wa upande wa pili usemwe pia. Wapo mafundi walioharibu jina la kazi. Unaacha kifaa, unaambiwa "njoo kesho," kesho inakuwa wiki, na kinaporudi spika orijino imehama imewekwa ya magumashi. Dawa yake ni ya kizamani. Kubalianeni bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza. Piga picha kifaa kikiwa wazi, weka alama ndogo ya kalamu ndani. Omba kipuri kilichokufa urudishiwe. Na ukiweza, kaa hapohapo kwenye benchi. Wazee wa Kasulu hawakuwa wakipiga soga bure kwenye kibanda cha fundi. Walikuwa wanalinda spika yao.

Kwenye bei, linganisha matengenezo na hedifoni mpya ya kiwango hichohicho, si na eafoni ya barabarani. Kumbuka pia kuhakikisha unachotengeneza si feki, kwa sababu kipuri cha modeli halisi hakitaingia kwenye nakala, na fundi atalaumiwa bure.

Ulaya nao wanarudi kulekule

Inachekesha kidogo, lakini dunia inaanza kurudi kwenye akili ya redio ya mbao. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya ya betri, namba 2023/1542. Kuanzia Februari 18, 2027, vifaa vidogo vinavyouzwa kwenye soko lao vinatakiwa viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kubadilisha, isipokuwa vile vilivyopewa msamaha. Mwaka 2024 wakapitisha sheria ya haki ya kutengeneza kwa baadhi ya bidhaa, ingawa hedifoni hazimo kwenye orodha hiyo. Yaani wabunge wa nchi tajiri wamekaa vikao vya miaka ili kurudisha kitu ambacho redio ya National ilikuwa nacho: mlango wa betri.

Faida inaweza kutufikia, kwa sababu viwanda havipendi kutengeneza modeli mbili tofauti. Lakini mlango ukifunguka, lazima awepo mtu wa kuuingia. Hapo ndipo kuna hofu ya kweli. Fundi redio wa kizazi cha jiko la mkaa anazeeka, na kijana wake anauliza kwa nini ajifunze kutengeneza vitu vilivyogundishwa visifunguke. Kila kifaa kinachotupwa badala ya kutengenezwa ni darasa moja limefungwa, na betri nyingine ya lithiamu imeingia kwenye shimo la taka nyuma ya soko.

Serikali ina njia moja nzuri ambayo haizungumzwi vya kutosha. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuo, akapimwa na kupewa cheti. Kwa fundi aliyejifunzia chini ya mwembe, karatasi hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kibanda na duka lenye leseni. Angalau kwenye cheti, jina lake litaandikwa.

Kwa mnunuzi mwenzangu na mie wa mjini, kilichobaki ni kubadilisha swali la dukani. Wengi wanauliza "ina waranti ya muda gani?" Ongeza mengine matatu: inafunguliwa kwa skrubu au kwa gundi? Sponji na betri zake zinauzwa peke yake? Na ikikosa Bluetooth, ina tundu la waya? Muuzaji akibabaika kwenye yote matatu, jua unanunua kitu cha kukodi, hata kama umelipa milioni.

Na ile iliyolala kwenye droo? Ipeleke kwa fundi wiki hii, kabla betri haijavimba. Ukishamaliza, mtaje kwenye maoni hapo chini: mtaa wake, alichotengeneza na kama aliheshimu kifaa chako. Mastaa wana mashabiki wa kutosha.